Santuri Iliyofungiwa Kabatini

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili aliingia ofisini akiwa na simu mkononi. Aliniamkia, akaketi, kisha akanisikilizisha wimbo wa msanii wa Marekani, Tyler, The Creator, uliotoka mwaka 2024 kwa jina la "Noid". Ndani ya wimbo huo zilisikika sauti zikiimba kwa lugha ya Kibantu juu ya gita linalokwaruza kama bati linaloburutwa barabarani. "Dokta, hawa ni akina nani?" Nikamjibu kwamba ni Ngozi Family wa Zambia, bendi ya marehemu Paul Ngozi, na kwamba kipande hicho kimechukuliwa kutoka katika albamu yao ya mwaka 1977, "45,000 Volts". Nikamweleza pia kwamba ngozi hiyo si ile ya viatu na mikoba, kwani kwa Kinyanja neno hilo lina maana ya ajali au hatari. Akacheka. Halafu akauliza swali ambalo halijaniacha hadi leo: "Zambia si hapo tu, Dokta? Mbona habari zao zimetufikia kwa kupitia Marekani?"

Makala hii ni jibu langu kwake. Kwa kuwa jibu lenyewe lina lawama ndani yake, itanibidi kabla ya kumaliza nijilaumu na mimi.

Hoja yangu ni hii. Muziki tunaouita adimu haukuzaliwa adimu. Ulifanywa adimu na watu, kwa maamuzi yao na kwa uzembe wao. Anayeunakili muziki huo, akausambaza bila kutaka faida, akauhakiki kwa uaminifu, anatengua maamuzi hayo. Anayemzuia kwa jina la sheria, la utaratibu au la utamaduni, huku yeye mwenyewe hainui hata kidole kuuokoa, ndiye muuaji wa muziki huo, hata kama ana barua yenye mhuri.

Kwa wasiofahamu, nieleze kwanza ninazungumzia muziki gani. Katikati ya miaka ya 1960 vijana wengi wa Marekani walianzisha bendi katika gereji za magari za wazazi wao. Walijua kodi tatu au nne za gita, walikodi studio kwa saa chache, wakachapisha santuri mia tatu au mia tano, wakaziuza katika kumbi za shule na za mitaani, kisha wakatawanyika: huyu chuoni, yule kiwandani, mwingine vitani Vietnam. Hiyo ndiyo roki ya gereji. Muongo mmoja baadaye ikaja panki, ambayo imani yake ilikuwa hiyo hiyo: usisubiri kuwa fundi ndipo useme ulilonalo. Ni muziki wa watu wasioombwa kusema, walioamua kusema kabla hawajapewa ruhusa. Kwa sababu hiyo tu, hata kama haukupendezi masikioni, mwanafunzi yeyote wa siasa anapaswa kuujua.

Muziki wa namna hiyo hauhifadhiwi na wenye mamlaka. Mwaka 1972 Lenny Kaye alikusanya nyimbo 27 za bendi kama hizo katika mkusanyo wa santuri mbili ulioitwa "Nuggets", uliotolewa na kampuni ya Elektra. Nyimbo zile zilikuwa na umri wa miaka minne hadi saba tu, lakini nyingi zilikuwa zimekwisha kusahaulika. Katika maelezo yake ya jaladani Kaye alilitumia jina la panki miaka kadhaa kabla halijatapakaa duniani. Kwa maneno mengine, jina la vuguvugu zima lilianza kujengwa na mtu aliyekaa chini akasikiliza santuri za watu waliosahauliwa, akaziandikia. Mwaka 1983 Tim Warren akaanza mfululizo wa "Back from the Grave", akichimba bendi ghafi zaidi, zile ambazo hata miji yao ilikuwa haizikumbuki. Hakuna wizara iliyowatuma watu hawa, wala chuo kikuu kilichowapa ruzuku.

Tazama kisa cha bendi ya Death ya Detroit. Ndugu watatu weusi wa ukoo wa Hackney walirekodi mwaka 1975 muziki ambao leo wengi wanaukubali kuwa panki kabla ya panki. Kampuni kubwa iliyotaka kuwachukua iliwadai wabadili jina la bendi, nao wakakataa. Mwaka 1976 walijichapishia nakala 500 za santuri ndogo, mambo yakaishia hapo. David, aliyekuwa kiongozi wao, alifariki mwaka 2000 bila kuona chochote. Ila zile nakala chache zilikuwa zimeangukia mikononi mwa wapenzi wa santuri adimu, wakazinakili, wakazisikilizisha wenzao, wakaziandikia, hadi watoto wa mmoja wa ndugu wale wakaugundua muziki wa baba yao kwa njia hiyo. Albamu ikatolewa mwaka 2009, miaka 34 baada ya kurekodiwa. Iwapo wale walionakili wangefuata ushauri wa wanasheria wangu wa kantini, watoto wale wangekuwa hadi leo hawajui baba yao alikuwa nani.

Sasa turudi kwetu. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na vuguvugu lake, ambalo leo dunia inaliita Zamrock. Vijana wa miji ya migodi ya shaba, Kitwe, Chingola, Mufulira, Ndola, waliozaliwa chini ya ukoloni na kubalehe chini ya bendera mpya, walichukua magita ya umeme wakaanza kuyakwaruza. Bendi ya WITCH, ikiongozwa na mwimbaji Emanyeo Chanda aliyejulikana kwa jina la Jagari, ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1972. Rikki Ililonga na bendi ya Musi-O-Tunya walirekodi Nairobi. Amanaz walitoa albamu yao "Africa" mwaka 1975. Rais Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia, nao vijana wakajaza nafasi hiyo kwa namna ambayo sidhani kama Mzee mwenyewe aliitarajia.

Ni nini kilichoufanya muziki huo uwe adimu? Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na pamoja nayo ikaanguka mishahara ya wachimba migodi waliokuwa wakijaza kumbi na kununua santuri. Zikaja kaseti za wizi, na hapa nasema wizi bila kumung'unya maneno, maana wasanii walikuwa hai, walikuwa sokoni, na wauza kaseti walikula kilicho chao. Kisha ukaja UKIMWI. Katika kundi la awali la WITCH amesalia Jagari peke yake, na wenzake wengi waliondoka kwa maradhi hayo. Alipomaliza muziki, Jagari alikwenda kuchimba vito. Hebu mfikirie mtu aliyekuwa akijaza viwanja vya nchi nzima, sasa ameinama shimoni anatafuta mawe, na nchi haina hata nakala ya kumkumbushia kwamba aliwahi kuimba.

Sisi Watanzania tusijifanye watazamaji. Januari 1969 Operesheni Vijana ilianza kuwaandama vijana wa Dar es Salaam kwa sababu ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Novemba mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku jijini. Katika mazingira hayo ndipo ilipochipuka Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyochanganya roki, soul na mirindimo ya kwetu, ikauita muziki wake Kitoto. Unajua albamu yao kamili, "Ave Africa", ilitoka wapi? Ilitoka Zambia, mwaka 1976. Na unajua nani alikusanya rekodi zao zote na kuzirudisha sokoni? Kampuni ya Strut ya Ulaya, mwaka 2016. Bendi ilizaliwa kwetu, albamu ikazaliwa kwa jirani, na kumbukumbu ikatunzwa ughaibuni. Kila hatua ya safari hiyo ina mlango ambao mtu fulani wa hapa aliufunga, na afisa utamaduni anayesoma makala hii atafakari ni mingapi kati ya hiyo ingali imefungwa leo.

Nimeahidi kujilaumu. Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi wa TAZARA, kituo chake Mbeya. Reli ile ya kilomita 1,860 inatuunganisha na Kapiri Mposhi, na kwa wafanyakazi wake haikubeba shaba peke yake. Mjomba alikuwa akirudi na santuri. Alipofariki mwaka 2009 alituachia sanduku lenye santuri 31, tisa kati yake kutoka Zambia. Mojawapo ilikuwa santuri ndogo ambayo kibandiko chake kilikuwa kimechanika; neno pekee lililosomeka lilikuwa "Ndola". Sikuwahi kujua ni bendi gani. Nakumbuka gita lililoingia kabla ya wakati wake, mpiga ngoma akamkimbilia kumfikia, na mwimbaji aliyepasua sauti katika kiitikio cha pili kana kwamba ameitwa kwa jina. Nakumbuka mjomba akinambia, "Mjomba, hawa hawajui kupiga, lakini wanajua kwa nini wanapiga." Sijasikia uhakiki bora wa roki ya gereji hadi leo.

Mwaka 2012 kijana mmoja wa Mbeya, fundi wa redio, alipata habari ya sanduku lile. Akanijia kwa adabu zote akaomba anakili zile tisa za Zambia, kwa gharama yake, aniletee na mimi nakala. Nilikuwa nimetoka kutunukiwa shahada ya uzamivu na kichwa kilikuwa bado kina moshi wake. Badala ya jibu nilimpa mhadhara kuhusu hakimiliki. Nikamwambia kwamba kunakili bila ridhaa ya mwenye haki ni kosa, nikamtaka alete barua ya mwenye haki. Mwenye haki yupi? Wa santuri isiyo na jina? Kijana alinisikiliza, akasema "Nimekuelewa, Dokta," akaondoka. Hakuwa ameelewa chochote, kwa sababu hapakuwa na cha kuelewa.

Mwaka uliofuata nikafanya jambo nililodhani ni la kistaarabu: nikaikabidhi taasisi moja ya umma sanduku zima kwa ajili ya kuhifadhiwa. Nilipewa fomu, nikatia saini, nikashukuriwa. Mwaka 2016 nikamtaka mhusika aniruhusu nisikilize ile santuri ndogo. Niliambiwa niandike barua, nikaandika. Niliambiwa nisubiri kikao, nikasubiri. Hatimaye nilipelekwa stoo. Sanduku lilikuwa sakafuni chini ya dirisha ambalo pazia lake lilikwisha anguka siku nyingi. Wenye santuri wanajua jua linafanya nini. Zilikuwa zimejikunja kama maganda ya muhogo yaliyoanikwa. Nilipoishiwa maneno, afisa aliyenisindikiza aliniambia kwa upole, na naamini alikusudia kunifariji: "Daktari, hapa hakuna kilichopotea. Zote thelathini na moja zipo."

Alisema kweli kwa mujibu wa daftari lake. Idadi ilikuwa kamili. Wimbo ulikuwa umekufa, na aliyeuua si yeye peke yake. Kama ningemruhusu yule kijana mwaka 2012, leo ungekuwapo katika simu mia moja, na pengine mzee mmoja wa Ndola angekuwa amekwisha kusema: huyo anayeimba ni mimi.

Naam, nazijua hoja za upande wa pili, maana nimezitumia mwenyewe. Ya kwanza ni ya sheria. Wenye kuitoa hudhani kwamba hakimiliki ni ukuta usio na mlango, ilhali sheria yenyewe haisemi hivyo. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unadai ulinzi wa angalau miaka 50 kwa wasanii na watayarishaji wa rekodi. Haki ya mtunzi wa wimbo hudumu zaidi ya hapo, nayo ni haki ya kweli isiyopaswa kuchezewa. Lakini hata Umoja wa Ulaya, uliorefusha ulinzi wa rekodi hadi miaka 70 kwa agizo lake la mwaka 2011, uliweka sharti ambalo wasomi wetu hawalitaji: baada ya miaka 50, iwapo mtayarishaji haitoi rekodi hiyo kwa umma kwa kiasi cha kutosha, msanii anaweza kumpa taarifa, na asipoitoa ndani ya mwaka mmoja, msanii anavunja mkataba na kuchukua haki yake. Yaani wenzetu, kwa upole wa lugha ya kisheria, wamekiri kwamba anayeikalia kazi ya mtu bila kuitoa hastahili kuendelea kuikalia. Sisi tumeazima ukuta tukaacha mlango.

Haki imewekwa ili imlishe aliyefanya kazi. Haki isiyomlisha msanii, isiyowafikia watoto wake, isiyomruhusu msikilizaji asikie na isiyomruhusu mtafiti anakili, inamnufaisha nani? Inamnufaisha afisa anayeogopa kutia saini. Basi.

Hoja ya pili ni ya utamaduni. Kuna wenzangu, wengine wana uprofesa, wanaosema roki si ya kwetu na kwamba kuihifadhi ni kuhifadhi kasumba. Nawauliza: gita la dansi lilitoka Ukerewe? Fidla ya taarabu ilichongwa Unguja? Paul Ngozi aliimba Kinyanja, kuhusu maisha ya mtaani kwake, kwa gita ambalo hakuna Mwingereza aliyemwelekeza alikwaruze vile. Albamu ya Ngozi Family iitwayo "Day of Judgement" ni ya mwaka 1976. Mwaka huo huo ndipo Ramones wa New York walipotoa albamu yao ya kwanza, na Sex Pistols wa London santuri yao ya kwanza. Mzambia yule hakuwa akimwiga yeyote kati yao. Walikuwa wa rika moja, wenye hasira ya rika moja. Kumwita mwigaji ni kukubali, bila kujua, kwamba kila jambo jipya lazima lianzie Ulaya. Hiyo ndiyo kasumba.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo naiheshimu. Wapo wanaosema: hawa wasambazaji na wakusanyaji mnaowasifu ni wachuuzi. Wanakuja Lusaka, Nairobi na Dar es Salaam, wananunua santuri kwa bei ya sahani ya wali, wanakwenda kuziuza kwa mamia ya dola. Ni kweli, wapo. Wapo pia waliochapisha mikusanyo ya panki bila kumwuliza wala kumlipa mtu yeyote. Mfululizo maarufu wa "Killed by Death" ulianza hivyo, na mashabiki wake wanajua. Sitawatetea wanaofanya biashara kwa jasho la mtu aliye hai huku wakijua anwani yake.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Kushirikishana ni kumpa mwenzako nakala ili asikie, bila kutoza, na kumtaja aliyeimba. Kuchuuza ni kuuza nakala hiyo na kumficha aliyeimba. La kwanza limewarudishia watu uhai wao. Muziki wa WITCH ulizunguka mikononi mwa wapenzi kwa miaka, na kelele walizopiga ndizo zilizoifanya kampuni ya Now-Again ya California imtafute Jagari, ikubaliane naye na kuutoa upya muziki huo. Mzee huyo alirudi jukwaani, akazunguka Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 bendi yake ikatoa albamu mpya, "Zango". Dawa ya mchuuzi ni kusambaza, maana anachokiuza ni uhaba. Wimbo ukishakuwa katika kila simu ya Lusaka na Mbeya, na jina la mpiga gita likajulikana, mchuuzi hana tena cha kuficha.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa muziki methali hiyo haisimami. Chema kilichofungiwa stoo hakijiuzi, na ndiyo maana kunakili peke yake hakutoshi. Lazima tuhakiki, na hapa nina ugomvi na vijana wangu pia.

Siku hizi naona wanaopata wimbo wa zamani wanauweka hadharani kwa maneno mawili: "hatari sana". Nani alipiga besi? Hawajui. Ulirekodiwa wapi? Hawajui. Mbaya zaidi, kila kilicho adimu kwao ni bora. Si kweli. Nimesikiliza santuri nyingi za gereji, za huko na za kwetu, na nyingine zilisahauliwa kwa haki. Zipo ambazo bendi inaiga wimbo wa Kiingereza neno kwa neno bila kuongeza hata kikohozi chake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na msikilizaji akidanganywa mara tatu, ya nne hafungui sikio.

Uhakiki wa kweli unagusa. Chukua "Africa" ya Amanaz. Imetoka upya ikiwa na sura mbili za uchanganyaji wa sauti, moja kavu na nyingine yenye mwangwi mwingi. Wengi wanaupenda mwangwi kwa sababu unaleta hisia ya ndoto. Mimi nasimama na ile kavu. Ndani yake unasikia chumba, unasikia magita mawili yakipeana nafasi, unasikia kwamba hawa ni vijana wachache katika nyumba ndogo na si mizimu. Mwangwi unawageuza kuwa maajabu. Ukavu unawaacha kuwa watu. Nibishie ukipenda, lakini ili unibishie itakubidi usikilize zote mbili, na hapo lengo langu limetimia.

Au chukua "Day of Judgement" niliyoitaja. Gita haliko sawasawa kila mahali, na mapigo ya ngoma yanayumba. Mhakiki mwoga atanyamaza kuhusu hilo, na mhakiki mwenye dharau atalitaja hilo tu. Mimi nasema kuyumba kule ndiko kunakoubeba muziki: bendi inapiga kana kwamba umeme utakatika wakati wowote, na kwa aliyeishi kwetu hilo halihitaji tafsiri. Kwa upande mwingine, albamu ya kwanza ya WITCH inasifiwa kuliko inavyostahili, nami nasema hivyo kama mpenzi wao. Ni mwanzo mzuri wa vijana wanaotafuta sauti yao, na miaka mitatu baadaye, katika "Lazy Bones!!", wanaipata. Ukisema zote ni dhahabu, umewanyima heshima ya kuwa walikua.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Uhakiki ndiyo daftari letu. Lile la stoo linahesabu sahani thelathini na moja. Hili linasema nani aliimba, wapi, lini, alifaulu nini na alikosa nini.

Basi nina maombi kwa makundi matatu ya wasomaji wangu.

Ndugu zangu watumishi wa umma wenye funguo za stoo na maktaba za sauti: msisubiri mradi wa wafadhili. Fungueni chumba kimoja, wekeni mashine moja ya santuri na moja ya mikanda, mruhusu raia asikilize na anakili kwa utafiti kwa kitambulisho chake tu. Santuri zitoeni dirishani leo, kabla hamjamaliza kusoma makala hii. Na mtakapoketi kurekebisha sheria, azimeni na ule mlango: anayekalia rekodi bila kuitoa, msanii au warithi wake wapewe njia fupi ya kuichukua.

Ndugu wanaharakati: mmezoea kudai haki ya kupata habari. Muziki uliorekodiwa kwa kodi ya wananchi, katika studio za umma, ni habari. Udaini kwa ukali ule ule mnaodaia mikataba ya madini.

Nanyi wanafunzi wangu: nendeni kwa wajomba na mashangazi kabla hamjawazika. Ulizeni masanduku. Nakilini kila kitu, kizuri na kibaya. Andikeni majina yote, yakiwamo ya waliopiga ngoma. Msiuze. Akipatikana msanii au mtoto wake, mpeni nakala ya kwanza, na kama kuna senti imepatikana, iwe yake. Kisha hakikini bila woga, hata mkiniudhi.

Yule mwanafunzi aliyekuja na simu nimekwisha mpa kazi. Wiki ijayo anakwenda Mbeya kumtafuta fundi wa redio niliyemfukuza kwa mhadhara mwaka 2012. Nimempa barua ya kuomba radhi amkabidhi, na nauli ya fundi huyo kuja Dar es Salaam. Kuna sanduku jingine, la rafiki wa mjomba, liko uvunguni mwa kitanda huko Tunduma. Safari hii tutanakili kwanza. Fomu zitafuata baadaye.